Siku Baba Yako Alipozungushwa Angani

Voi, alasiri, siku moja kabla ya safari yako

Mwanangu Mwadime,

Salamu sikuandikii, maana asubuhi tumesalimiana vizuri, na saa hii uko Mwatate kuwaaga akina shangazi yako, ambao najua hawatakuachilia mpaka ule katika kila nyumba. Ndiyo nimepata nafasi ya kukaa mezani peke yangu. Barua hii nitaiweka ndani ya sanduku lako, chini ya shuka jeupe. Usiisome stesheni. Isome kukipambazuka, gari la moshi likiwa limeshapita Ukambani na wewe umeshachoka kutazama nje.

Naandika kwa Kiswahili. Kidawida chetu ni cha mdomoni, na ya mdomoni tutaongea ukirudi likizo.

Mambo ya kufua shati, kula kwa wakati na kwenda kanisani sitayagusa. Umeyasikia tangu ulipokuwa unanyonya, na kama hayajaingia mpaka leo, wino hautayaingiza. Nimekaa hapa nikupe habari moja tu. Umeisikia mara nyingi kwa baba yako, na yeye huisimulia vibaya. Mgeni hajamaliza kikombe cha chai katika nyumba hii kabla hajaambiwa siku Baba Mwadime alipopanda ndege, jinsi mlima Kasigau ulivyoonekana kama chungu kilichofunikwa, jinsi alivyosikia baridi katika nchi hii ya jua. Kwake ni hadithi ya starehe. Lakini yeye alikuwa juu, mimi nilikuwa chini, na siku tuliyoiona haikuwa moja. Kwa kuwa unakwenda kufundishwa kazi ya kutenganisha ndege zisigongane, yafaa uisikie na ile ya chini.

Ulikuwa shuleni huko milimani mwaka ule nzige walipotujia. Mvua ilikuwa imenyesha kama ilivyoombwa, mahindi yalikuwa yameanza kutoa ndevu, na watu walikuwa wanatembea wakiimba. Halafu habari ikaja kutoka kaskazini kwamba nzige wako njiani. Kwanza walipita wachache, tukawakaanga, tukawala, tukafurahi. Kisha wakaja wale ambao hawaliwi wakaisha. Wakitua kwenye mti, tawi linavunjika.

Serikali ikaweka kambi pale kiwanja cha ndege, ng'ambo ya mashamba ya mkonge. Yakaletwa mapipa ya dawa, mahema, na ndege mbili. Moja ilikuwa ndogo, ya kutafuta nzige walipolala. Nyingine ilikuwa ya kumwaga dawa. Baba yako aliacha kukata mkonge akaandikwa kazi ya bendera. Alisimama shambani na kitambaa cheupe juu ya mti, ndege ya dawa ikaja ikamfuata, ikapita, naye akasogea hatua kadhaa ili ikirudi isimwage palipokwisha kumwagwa. Alirudi nyumbani ananuka dawa, nikawa namwogesha kwa majani ya mlimau. Sisi wanawake tuliandikwa kuteka maji na kupika.

Katika hema moja alikaa Elia. Wewe unamjua Elia wa leo, ambaye atakungoja stesheni ya Nairobi, mwenye tumbo kidogo na kicheko kikubwa. Elia wa wakati ule alikuwa kijana mwembamba, Mtaveta wa Njukini, aliyejifunza simu ya upepo katika jeshi wakati wa vita. Alikalia sanduku tupu la dawa, masikioni amevaa vile vyuma vya kusikilizia, anaongea na ndege kwa sauti ndogo kana kwamba kuna mtoto amelala humo hemani. Sisi hatukumpenda. Ulikuwa ukimpelekea chai unamwamkia, haitiki. Tulisema anaringa. Hatukujua kwamba mtu mwenye sauti mbili masikioni hana sikio la tatu la kukupa wewe.

Kila asubuhi, kabla ndege hazijaruka, aliwatajia marubani tarakimu fulani kwa Kiingereza, nao wakamrudishia neno kwa neno. Akiwaambia jambo lolote, wanalirudia. Tulikuwa tunacheka hadi maji yanamwagika. Wazungu wazima, mmoja ana ndevu mpaka kifuani, wanarudia maneno ya Elia kama watoto wa darasa la kwanza.

Basi siku moja ikaja habari kwamba kundi kubwa limelala katika mabonde ya Kasigau. Rubani mwenye ndevu, ambaye ndiye wa ile ndege ndogo, akauliza kama kuna mtu anayeyajua mabonde yale. Baba yako alizaliwa Kasigau. Alisema "mimi" kabla swali halijaisha. Nikamvuta kando nikamkataza. Nilimwambia tuna mtoto shuleni, tuna mahindi shambani, na ng'ombe anakaribia kuzaa. Akasikiliza vizuri sana, kisha akaenda kwa mpishi kuazima koti, kwa sababu alikuwa amesikia kwamba juu kuna baridi. Akapita mbele yetu kwenye jua lile, amefunga vifungo vyote, na bendera yake mkononi. Hakuna aliyemwambia abebe bendera. Alisema haachi chombo chake cha kazi.

Wakaondoka. Baadaye kidogo ile ya dawa nayo ikaondoka, ikafuata njia ya chini, karibu na miti.

Mwanangu, sijui nikueleze vipi saa zile. Nilipika ugali nikasahau kuusonga. Jua lilipofika kichwani, upande wa Kasigau mbingu ikageuka rangi ya udongo. Kundi lilikuwa limeamka na lilikuwa linakuja upande wetu. Ndipo tukasikia mlio, nikaiona ile ndege ndogo, mkia wake wa manjano, iko juu sana. Nikamshukuru Mungu. Nikaweka chungu chini nikajifuta mikono ili nimpokee mume wangu.

Haikushuka. Ilifika juu yetu, ikageuka kuelekea Sagalla, ikarudi, ikageuka tena. Kiwanja kilikuwa kitupu. Hapakuwa na kitu pale ila tai wawili na mbuzi wa jirani. Na ile rangi ya udongo inakuja. Kisha nikaona kitu cheupe kinapepea kwenye dirisha la ndege, kinapepea bila kukoma, na moyo wangu ukanitoka. Nikajua ni bendera ya baba yako, anaita msaada.

Nilikimbia hadi hemani kwa Elia. Nilimwambia mume wangu yuko juu anapunga bendera, kiwanja ni kitupu, amwambie ashuke. Elia akaninyooshea kiganja cha mkono, ninyamaze. Aliinamia chombo chake, akasema neno, akangoja, akalisema tena neno lile lile. Siku hizi najua alikuwa anasema, "Rudia, sijakusikia." Siku ile niliwageukia wenzangu, ambao walikuwa wamenifuata wote na miko yao, nikawaambia tumewekewa mtu ambaye hata kusikia hajui. Wakacheka. Mimi nikapata nguvu kwa kicheko chao nikaendelea. Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika katika karatasi itakayolala chini ya shuka jeupe. Nilimwambia hana mke ndiyo maana hajui mume ni kitu gani. Nikashika kamba ya hema nikaitikisa, hema likatikisika lote.

"Mteremshe," nikasema. "Mteremshe sasa hivi."

Elia akavua chuma cha sikio moja. Hakupaza sauti. Nakumbuka kwamba kadiri mimi nilivyopanda, yeye alishuka, hata ikabidi ninyamaze ili nimsikie.

"Mama Mwadime," akasema, "namweka juu kwa sababu nataka arudi kwako. Nipe nafasi."

Akarudisha chuma sikioni. Papo hapo mlio mwingine ukatokea. Haukutoka juu. Ulitoka chini, ndani ya lile vumbi la nzige, juu tu ya mkonge. Ikatokea ile ndege ya dawa ambayo sote tulikuwa tumeisahau. Kioo chake cha mbele kilikuwa kimepakwa nzige, kimekuwa kama ukuta wa nyumba uliokandikwa. Rubani alikuwa ametoa kichwa nje ubavuni anatazama kwa jicho moja. Hakuona mbele hata kidogo. Alikuwa ameshamwambia Elia hivyo tangu zamani, na ndiyo maneno ambayo Elia alikuwa anamwomba ayarudie, maana redio ilikuwa inakoroma na hakutaka kukisia. Ndege ile ikaingia kiwanjani upande ule ule ambao mkia wa manjano ungeingilia. Ikagusa chini, ikaruka, ikagusa tena, ikapita mwisho wa kiwanja ikasimama vichakani. Mbuzi wa jirani hakuonekana mpaka kesho yake.

Miko ya wenzangu ilikuwa chini.

Mimi sikuhitaji mtu anieleze. Niliona kwa macho yangu njia ya ndege moja na njia ya nyingine, na mahali zingekutana. Kama Elia angenisikiliza mimi, ningekuwa mjane kwa mdomo wangu mwenyewe.

Ndipo Elia akaiambia ile ndogo ishuke. Alisema kwa sauti ile ile, kama mtu anayeagiza chumvi. Nikaona ameshika ukingo wa sanduku alilokalia kwa mikono yote miwili, na hiyo ndiyo mara ya kwanza nilijua kwamba naye alikuwa ameogopa. Nikamletea maji. Alikunywa kata nzima, akasema asante, Mama Mwadime, akaniomba radhi kwa kutonijibu salamu siku zile zote. Yeye ndiye aliyeniomba radhi mimi. Nilitafuta pa kuweka uso wangu sikupaona.

Sasa msikie baba yako. Ndege ikasimama, mlango ukafunguliwa, akateremka ndani ya koti lake, jasho linamtiririka, meno yote nje. Akanijia mbio.

"Umeniona?" akaniuliza. "Nimekupungia mpaka mkono ukachoka."

Hakuwa anaita msaada. Rubani alimwambia wanangoja kidogo, naye akaelewa kwamba Mzungu anampa heshima, anamzungusha aione nchi. Alikuwa ameona nyumba yetu. Alikuwa ameona mto wote tangu unapotoka milimani. Katika saa ile niliyokaribia kufa, baba yako alikuwa anafurahi kuliko siku ya harusi. Nilikaa chini pale pale kwenye vumbi, nikacheka, nikalia, nikacheka tena, na wale wanawake wenzangu wakakaa nami tukashikana. Hata Elia alitoka hemani akacheka, ndipo tukaona kwamba ana pengo.

Kuanzia siku hiyo nikaitwa Mama Teremsha. Ulirudi likizo ukakuta kila mtu sokoni ananiita hivyo, ukaniuliza, nami nikakwambia ni kwa sababu nateremka milimani mara kwa mara. Haikuwa hivyo. Sasa unajua. Jina lile lilinikera msimu mmoja, kisha nikalizoea, na sasa mtu akiniita kwa jina jingine naona kama hanijui vizuri.

Nzige je? Walikula mashamba ya upande wa mto, yetu yakaguswa nusu. Dawa iliua wengi. Upepo ukawageuza waliobaki. Tulivuna, si sana, lakini tulivuna, na ndugu za Elia wa Njukini na Mahoo wakatuletea maharagwe na ndizi kwa gari la moshi la Taveta, bila kuombwa.

Kesho yake nilimpikia Elia kimanga cha muhogo na kunde, nikampelekea mwenyewe. Kazi ilikuwa imesimama kwa sababu kioo kilikuwa kinaoshwa. Nikamwomba anieleze kazi yake, na akanieleza kwa subira kama ninavyokueleza wewe mambo ya jikoni. Alisema gari la moshi likizuiwa linasimama, lakini ndege haina pa kusimama. Kungoja kwake ni kuzunguka. Kwa hiyo ukitaka ndege mbili zikae mbali, una njia chache tu. Ama uzitenganishe kwa urefu wa kwenda juu, moja ikae juu ya nyingine kwa futi elfu moja, ambazo ni kama kupanda Sagalla mpaka pale watu wanapopumzika mara ya kwanza. Ama uzitenganishe kwa wakati, hii ipite kwanza, ile ipite baadaye. Ama kila moja uipe upande wake. Na usitegemee macho ya rubani, kwa sababu siku utakayoyahitaji macho yake ndiyo siku yatakayokuwa yamepakwa nzige.

Nikamwuliza zile tarakimu za asubuhi ni za nini. Akasema ndani ya ndege kuna saa inayomwonyesha rubani yuko juu kiasi gani, lakini saa hiyo haiioni ardhi. Inapima uzito wa hewa, na hewa hubadilika kila siku. Kwa hiyo lazima wote waiweke kwa kipimo kimoja kabla ya kuruka. Wasipofanya hivyo, huyu atasema yuko juu, yule atasema yuko chini, kila mmoja anasema kweli kwa saa yake, na huku mbawa zinakaribia kugusana. Jambo lile lilinikaa moyoni kuliko mengine yote. Nilikuwa nimedhani watu hugombana kwa sababu mmoja ni mwongo.

Na kule kurudia maneno? Alisema ni ili ajue kwamba alilosema yeye ndilo lililosikiwa. Hapo nikainama, kwa maana nilikumbuka maua.

Ya maua sijawahi kukuhadithia. Nilipokuwa msichana, kabla sijaolewa, nilikuwa yaya katika nyumba ya meneja wa shamba la mkonge. Memsahibu alikuwa na bustani ndogo ya maua mekundu ambayo aliyanywesha mwenyewe jioni, na Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza. Siku moja walikuwa wanatazamia wageni, akaniambia, "Choma maua yote, upesi." Nikashangaa. Nikatazama maua, nikamtazama yeye. Nilitaka kumwuliza, lakini mpishi alikuwa amesimama pale, na mimi nilikuwa nimejigamba kwake kwamba naelewa kila anachosema memsahibu. Nikaona aibu. Nikaenda nikayang'oa, nikayapanga vizuri nyuma ya jiko, nikayachoma. Yeye alitaka niyachume ayaweke mezani. Alipoona moshi alikaa kwenye ngazi akalia, na mimi nikarudi kwetu milimani siku ile ile na furushi langu kichwani. Nyanya yako alicheka mwezi mzima.

Neno moja, chuma au choma. Ningerudia tu, "Nichome, memsahibu?" angeruka. Kwa hiyo mimi ambaye nilifukuzwa kazi kwa kuogopa kuuliza ndiye niliyemcheka Elia kwa kuuliza. Mwanangu, usimwonee mtu haya kumwambia rudia. Watakucheka. Mimi nilicheka, na sikuwa mtu mbaya. Nilikuwa tu mtu ambaye hakuona lile ambalo Elia alikuwa analisikia.

Tulileta ile tabia nyumbani, mimi na baba yako. Nilimtuma Njukini akaninunulie mbegu za maharagwe, akarudi na mbuzi jike, akaapa kwamba nilisema mbuzi. Tangu hapo nikimtuma namwambia rudia, anarudia. Mwanzo alikasirika. Siku hizi yeye ndiye anayeniambia mimi. Umekua ukituona tunaambiana maneno mara mbili ukadhani ni uzee.

Unakumbuka Elia alipopitia hapa mwaka jana, akasema huko Nairobi wanatafuta vijana waliomaliza shule, wanaojua hesabu na Kiingereza, wafundishwe kuwasaidia wale wa mnarani kwenye kiwanja kipya cha ndege cha Embakasi. Alikukalisha kwenye meza hii hii akakusomea maneno, ukamrudishia. Alipokosea kwa makusudi, ukamwambia, "Samahani mjomba, hilo la mwisho sijalielewa." Baba yako alisikitika akidhani umeshindwa. Elia alinitazama mimi akatabasamu na pengo lake. Nilijua pale pale kwamba umekwenda.

Na bado nilikataa. Baba yako alitaka uandikwe reli, uwe karani hapa Voi, ule chakula changu. Nikamuunga mkono kwa nguvu zote. Nilisema Nairobi siku hizi si mahali pa kupeleka mtoto, kuna misako na vipande vya ruhusa, mtu anaulizwa anakwenda wapi hata akienda msalani. Yote hayo ni kweli. Lakini sababu yangu haikuwa hiyo. Ulipokwenda shule milimani nilikuwa napanda kila Jumamosi na kibuyu cha uji, mpaka mwalimu wako akaniomba kwa heshima nikupe nafasi, wenzako wanakutania. Nilikasirika nikamwona mtu asiye na huruma. Baadaye nikaacha kuja, na mwisho wa muhula ukashuka mwenyewe, umekuwa mrefu, unanieleza mambo ambayo hukunieleza nilipokuwa nakuletea uji. Mhubiri angepata mahubiri hapa. Mimi sina mahubiri, nina kibuyu tu ambacho sasa naweka mbegu.

Nilikubali siku gani? Siku niliyokuona uwanjani pale nyuma ya stesheni, unawafundisha watoto wa jirani mchezo wa ndege, wamenyoosha mikono wanazunguka, na wewe umesimama juu ya kichuguu unawaambia huyu asubiri, huyu ashuke. Mtoto mmoja akalia kwa sababu amengoja sana. Hukumkaripia. Ulimwambia, "Nimekuona, zamu yako inakuja," naye akafuta machozi akaendelea kuzunguka. Nilirudi nyumbani nikamwambia baba yako amwandikie Elia. Akanijibu, "Nimwandikie Elia?" Nikamwambia ndiyo, umesikia vizuri.

Kazi yako itakuwa kumwambia mtu ngoja. Ukiifanya vizuri, hakuna atakayejua, maana ndege mbili ambazo hazikugongana hazina habari. Wasafiri watashuka wakilalamika kwamba wamechelewa, watachukua mizigo yao, watakwenda. Ukitaka kusifiwa, rudi uniulize mimi. Na kule chini mahali fulani kutakuwa na mama ametazama juu, anakutukana kwa yote anayoyajua. Mwache atukane. Wewe shusha sauti yako.

Nasikia kelele njiani, kwa hiyo nyanya yako ameshafika kutoka Wundanyi na mikungu yake ya ndizi. Amekuja na muwa mzima begani, wa kukamua maji ya kukutasa nayo kesho, kukubariki kwa mila yetu. Mchungaji hatapenda, lakini nyanya yako ameshasema kwamba Mungu anaelewa Kidawida. Atakusimamisha mlangoni, atakutajia babu zako wote, na kwa kila babu atakunyunyizia maji yale ya muwa kutoka kinywani, usoni, kifuani, kwenye shati lile jeupe nililolipiga pasi leo mara mbili. Yeye hana meno ya mbele, yatakurukia mengi.

Hili nitakunong'oneza kesho mlangoni, maana barua itakuwa bado sandukuni: usirudi nyuma, mwanangu, wala usijipanguse. Shati nimekuwekea jingine. Panda gari ukiwa umelowa, ukae dirishani, upepo wa njiani ukukaushe.

Ni mimi mama yako,
Mama Teremsha